Kuchagua Ua Lililobadilishwa Jeni Bila Kutumia Kiuavijasumu: Majibu kwa Wasomaji Wanne

Toleo hili nimeziweka pamoja barua nne zinazogusa jambo moja, nalo ni namna wataalamu wanavyoutambua mche wa maua uliopokea jeni mpya, na kama kazi hiyo inaweza kufanyika pasipo dawa za viuavijasumu. Barua nimezifupisha, lakini maswali ni ya waandishi wenyewe.

*Ndugu mwandishi, salaam. Ninafanya kazi katika maabara ya kuzalisha miche kwa njia ya tishu, nje kidogo ya mji wa Arusha. Sisi hatubadilishi jeni. Tunazalisha vipandikizi vya krisanthemu kwa soko la nje. Mgeni mmoja aliyetutembelea alitueleza kwamba mahali wanapobadilisha jeni za maua, midia (chakula cha miche cha chupani) hutiwa kanamaisini, ambayo ni kiuavijasumu, na mche usiokufa ndio unaochukuliwa. Sikuelewa kiuavijasumu kinahusiana vipi na rangi ya ua. Nimesikia pia kwamba wapo walioacha dawa hizo kabisa. Hao wanachaguaje? — Fundi wa maabara, Arusha*

Ndugu yangu wa Arusha, kiuavijasumu hakina uhusiano wowote na rangi ya ua. Kazi yake ni kupambanua seli chache zilizopokea jeni na umati wa seli ambazo hazikupokea. Kipande cha jani kinapolowekwa pamoja na Agrobacterium, bakteria ambaye kwa asili husababisha uvimbe kwenye mashina ya mimea na ambaye wanasayansi walimgeuza kuwa mbebaji wa jeni, ni sehemu ndogo sana ya seli za jani hilo inayopokea alichokibeba. Seli zilizobaki ni nzima na zina nguvu, na zikipewa homoni zitachipua kwa kasi ileile au hata kuzidi. Zikiachwa zote zichipue, fundi atajikuta na chupa zilizojaa machipukizi ya kawaida, na mche mmoja anaoutafuta utakuwa umejificha humo. Ndiyo maana, tangu tumbaku na petunia za kwanza zilizobadilishwa jeni mwaka 1983, jeni inayotakiwa imekuwa ikisafirishwa pamoja na jeni ya pili, yaani jeni tambulishi, ambayo haina faida yoyote kwa mkulima wala kwa mnunuzi wa ua.

Jeni tambulishi iliyozoeleka kuliko zote huitwa nptII, nayo asili yake ni bakteria. Hutengeneza kimeng'enya kinachoibandika kanamaisini kipande cha fosfeti, na dawa ikishabandikwa hivyo haiwezi tena kuzishika ribosomu, yaani mitambo ya seli ya kutengeneza protini, na kuzuia kazi yake. Mmea usio na kinga hiyo huumia hasa ndani ya kloroplasti, sehemu za kijani za seli, kwa kuwa ribosomu za humo zinafanana na za bakteria, na kwa sababu hiyo machipukizi yasiyo na jeni hupauka yakawa meupe kabla ya kufa.

Kwa krisanthemu unazozishughulikia wewe, njia hii ina kasoro inayojulikana vyema. Kiwango cha dawa kinachotosha kuua seli zisizo na jeni mara nyingi huzizuia pia seli zilizobadilishwa zisichipue au zisitoe mizizi, na kikipunguzwa kidogo tu, miche isiyo na jeni huponyoka ikiwa na rangi yake ya kijani kana kwamba imefaulu. Tena chipukizi moja linaweza kuwa la mchanganyiko, lenye tabaka za seli zilizobadilishwa na tabaka ambazo hazikubadilishwa, na mche wa namna hiyo ukikatwa vipandikizi kwa awamu kadhaa, tabia mpya hupotea pasipo mtu kujua ilipotelea wapi. Mimea ya jamii ya nyasi, okidi na yungiyungi nayo huvumilia kanamaisini kuliko tumbaku, hata wataalamu wakalazimika kuhamia dawa kali zaidi kama higromaisini. Kwa hiyo hata asiyejali lolote kuhusu usugu wa dawa ana sababu ya kutafuta njia nyingine.

Miongoni mwa njia hizo, ninayoiona kuwa ya busara zaidi kwa maua ni ile ya sukari iitwayo manosi, ambayo watafiti wa Denmark waliieleza mwaka 1998 kwa kutumia kiazisukari. Mimea mingi inaweza kuiingiza manosi ndani ya seli na kuibandika fosfeti, lakini haina kimeng'enya cha kuiendeleza kutoka hapo. Seli hujaa manosi yenye fosfeti ambayo haitumiki, akiba yake ya fosfeti na ya nishati hupungua, nayo hudumaa kwa njaa ilhali imezungukwa na sukari. Jeni iitwayo manA, iliyotolewa kwa bakteria E. coli, hutengeneza kimeng'enya kijulikanacho kwa kifupi PMI, ambacho huigeuza sukari hiyo kuwa fruktosi yenye fosfeti, na hiyo kila seli inajua kuitumia. Katika midia yenye manosi, seli iliyopokea jeni hupata chakula na kuchipua, na jirani yake asiyekuwa nayo hubaki palepale alipo.

Tofauti hii ya kulisha badala ya kuua ina uzito mkubwa kivitendo. Seli zinazouawa kwa dawa huoza zikiwa zimegusana na seli nzima, humwaga kemikali zinazodhuru, na huacha kupitisha chakula kwenda kwa zile chache zilizofaulu. Seli zilizosinzia kwa njaa hazifanyi madhara ya kiasi hicho. Katika kiazisukari, watafiti hao walipata miche iliyobadilishwa mara kumi hivi zaidi ya walivyopata kwa kanamaisini. Mafanikio ya kiwango hicho hayahamii kwa kila mmea, kwa sababu kila aina ya ua hudai uwiano wake wa manosi na sukrosi, na uwiano huo hupatikana kwa kujaribu tu. Ipo pia mimea, hasa ya jamii ya kunde kama soya, ambayo ina PMI yake ya asili, na kwa hiyo haichujiki kwa manosi. Kuhusu usalama, kimeng'enya hiki kimepita katika tathmini za chakula, kwani ndicho kilichotumika katika mahindi fulani yanayouzwa na katika mpunga wa dhahabu wa kizazi cha pili uliotangazwa mwaka 2005. Ua la kuweka mezani halina sababu ya kukiogopa.

Kaneshoni za rangi ya zambarau zinazojulikana kama Moondust na ndugu zake, ambazo kampuni ya Florigene ya Australia ilianza kuziuza katika miaka ya 1990, zilifuata njia tofauti. Jeni ya rangi ya Moondust ilitoka kwa petunia, na jeni tambulishi ilikuwa SuRB ya tumbaku, iliyobadilika kidogo kiasi cha kuufanya mmea usidhurike na dawa ya magugu iitwayo klorosulfuroni. Dawa hiyo huzuia utengenezaji wa amino asidi tatu ambazo mmea hauwezi kuishi bila hizo, na kiasi kidogo mno kinatosha kuchuja vipande vya jani. Jeni imetoka mmea hadi mmea, haihusiani na dawa za hospitali, na maua hayo yamelimwa Kolombia na Ekwado na kuuzwa Ulaya, Marekani na Japani kwa miaka mingi. Hata hivyo, nisingeipendekeza kwa ua lolote lenye ndugu wa mwituni karibu na shamba, kwa sababu kinga dhidi ya dawa ya magugu ikivuka kwa chavua humletea mkulima tatizo jipya. Kaneshoni ya kukata hutoa chavua kidogo sana, nayo si gugu. Ndiyo maana kwake njia hiyo ilifaa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa okidi aina ya Oncidium huko Taiwan, uliochapishwa mwaka 2003. Watafiti walitaka okidi isiyooza kwa bakteria Erwinia carotovora, ambaye ni adui mkubwa wa wakulima wa okidi, na jeni waliyoichukua ilitoka kwa pilipili hoho. Badala ya kuongeza jeni tambulishi pembeni, waliwatia bakteria hao wenyewe juu ya tishu: zisizopokea jeni zikaoza, zilizopokea zikabaki. Tabia inayotafutwa ndiyo iliyofanya kazi ya kuchagua. Si kila tabia inaweza kutumika hivyo, kwani rangi ya petali haionekani kwenye kipande cha jani, lakini kila anayepanga kazi ya namna hii angejiuliza kwanza kama tabia anayoitaka haiwezi kujitambulisha yenyewe.

*Mheshimiwa mwandishi, mimi ni msimamizi wa shamba la maua Naivasha. Nimesoma kwamba katika mahindi jeni ya kuchagulia huwekwa, hutumika, kisha huondolewa kwa kuzalisha mbegu. Kwa nini watu wa maua wasifanye vivyo hivyo na kuacha kuhangaika na sukari na dawa za magugu? — Msimamizi wa shamba, Naivasha*

Ndugu msimamizi, njia uliyoisoma ni ya kweli. Jeni mbili huingizwa katika vipande viwili tofauti vya vinasaba, kwa matumaini kwamba zitatua kwenye kromosomu tofauti, au mahali palipoachana kwenye kromosomu moja. Mmea ukishazaa mbegu, baadhi ya watoto hurithi jeni inayotakiwa pasipo ile tambulishi. Kwa mahindi, mpunga au tumbaku ni kazi ya msimu mmoja au miwili.

Lakini wewe mwenyewe unajua kwamba waridi lako halipandwi kwa mbegu. Waridi la kukata kwa kawaida lina seti nne za kromosomu, na krisanthemu ya biashara ina seti sita, kromosomu 54 kwa jumla, tena huikataa chavua yake yenyewe, hivyo lazima ichavushwe na aina nyingine. Mbegu mia moja kutoka ua moja la krisanthemu zitatoa mimea mia moja isiyofanana kwa urefu, kwa umbo la petali, kwa siku za kuchanua wala kwa muda wa kukaa ndani ya maji. Utakuwa umeiondoa jeni tambulishi, ndiyo, lakini pamoja nayo umeipoteza aina yenyewe ambayo mnunuzi anaifahamu kwa jina, na kuirudisha ilivyokuwa haiwezekani. Aina ya ua inayozalishwa kwa vipandikizi ni mwili mmoja unaoendelea kuishi katika mamilioni ya vipande, na chochote kilichoingizwa siku ya kwanza kitakuwamo katika kila kipande, miaka ishirini au thelathini baadaye. Kwa sababu hiyo, katika maua swali la jeni tambulishi linapaswa kujibiwa kabla kipande cha kwanza cha jani hakijakatwa.

Kuna namna ya kuiondoa ndani ya mwili uleule, pasipo mbegu. Jeni tambulishi huzungushiwa alama mbili za vinasaba, na pamoja nayo huwekwa jeni ya kimeng'enya kinachozitambua alama hizo, kikakata kilichomo katikati na kuziunga ncha zilizobaki. Kimeng'enya Cre, kilichotoka kwa kirusi cha bakteria, na vingine vilivyotoka kwa hamira, ndivyo vinavyotumika zaidi. Kimeng'enya hulazimishwa kulala hadi fundi akiamshe, kwa mfano kwa kuuweka mche kwenye joto kwa muda mfupi au kwa kuongeza kemikali maalumu katika midia.

Wajapani walilipeleka wazo hili mbele mwaka 1997 kwa mfumo waliouita MAT, na hapa kiuavijasumu hakihitajiki tangu mwanzo. Jeni tambulishi yao ilikuwa ipt, ambayo Agrobacterium huitumia kuulazimisha mmea utengeneze homoni ya saitokinini kupita kiasi. Seli iliyoipokea hutoa kichaka cha machipukizi mafupi yasiyo na mizizi, yenye umbo ambalo mtu hawezi kukosea akiliona, nayo hukua katika midia isiyo na homoni yoyote. Fundi hukichukua kichaka hicho na kukihamisha kwenye midia mpya kwa majuma kadhaa. Ndani yake baadhi ya seli huikata na kuitupa ipt, na kutoka hapo huchomoza chipukizi refu, lililonyooka, lenye umbo la kawaida. Chipukizi hilo ndilo lililobaki na jeni inayotakiwa peke yake. Toleo la kwanza lilitegemea jeni ya mahindi inayohamahama, na mara nyingi jeni hiyo ilipong'oka ilijipandikiza mahali pengine katika kromosomu, hivyo miche safi ilikuwa michache. Toleo lililofuata, lililotumia kimeng'enya cha hamira, lilifanya vizuri zaidi.

Kwa mtazamo wangu, mfumo wa MAT unaoana na maua kuliko unavyooana na nafaka, kwa kuwa jicho la fundi ndilo linalochagua mara zote mbili, na macho ya mafundi wetu wa tishu yamezoea kutofautisha chipukizi lenye afya na lenye kasoro. Udhaifu wake ni muda, maana mche hukaa chupani kwa miezi mingi, na kadiri tishu inavyokaa chupani ndivyo hitilafu za vinasaba zinavyoongezeka zenyewe.

*Ndugu mwandishi, mimi ni muuguzi wa kitengo cha kifua kikuu mkoani Kilimanjaro. Kanamaisini tumewahi kuwachoma wagonjwa wenye kifua kikuu sugu kwa miezi mingi. Nimeshtuka kusikia kwamba jeni inayoishinda dawa hiyo imo katika maua. Je, mtu akishika ua hilo, au likioza shambani, hatutapata bakteria sugu? — Muuguzi, Kilimanjaro*

Dada muuguzi, hofu yako ina msingi na inastahili jibu kamili. Kanamaisini ya sindano ilikuwa kweli sehemu ya tiba ya kifua kikuu sugu, na iliwaachia wagonjwa wengi uziwi. Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kwa kazi hiyo mwaka 2018, baada ya dawa za kumeza kuthibitika kuwa bora. Jambo la kwanza la kukutuliza ni kwamba ua lenye jeni nptII halina kanamaisini ndani yake. Dawa ilibaki maabara, katika midia. Ua limebeba tu uwezo wa kuishinda.

Jambo la pili ni njia ambayo usugu ungeweza kupita. Ili bakteria wa udongoni au wa tumboni apate jeni hiyo kutoka kwa mmea, lazima kipande kizima cha vinasaba kisalimike baada ya mmea kuoza au kumeng'enywa, kiingie ndani ya bakteria, kijiunge na kromosomu yake, na kisha kiweze kufanya kazi humo. Tukio hilo ni adimu mno, na jeni yenyewe tayari imeenea kwa asili miongoni mwa bakteria wa udongoni na wa matumbo. Kwa sababu hizo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliiweka nptII mwaka 2004 katika kundi la jeni zisizo na sababu ya kuzuiwa, huku ikitaka jeni za usugu dhidi ya dawa kama amikasini na tetrasaiklini zisiwemo katika mimea inayotolewa nje ya maabara. Lakini mwaka 2007 Shirika la Dawa la Ulaya lilikumbusha kwamba kanamaisini na neomaisini bado zina umuhimu kwa tiba ya binadamu, na pale mamlaka ya chakula ilipotoa kauli ya pamoja mwaka 2009, wapo wanasayansi wawili walioandika maoni ya kutokubaliana.

Mimi naungana na walio wengi kuhusu ukubwa wa hatari, kwamba ni mdogo sana. Wakati huohuo naamini kwamba jeni isiyo na kazi yoyote katika ua lililokamilika haina sababu ya kubaki humo, hasa nchi zetu zinapopigana na usugu wa dawa kila siku wodini. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2001 kuhusu viumbe waliobadilishwa jeni inafuata mwelekeo huo, kwani ilitaka jeni za usugu wa viuavijasumu zinazoweza kudhuru afya au mazingira ziondolewe hatua kwa hatua, hadi mwisho wa 2004 kwa bidhaa za sokoni na mwisho wa 2008 kwa majaribio ya shambani. Waridi la Kijapani la rangi ya buluu iliyofifia, lililoanza kuuzwa mwaka 2009, bado limebeba nptII. Lilitengenezwa wakati njia nyingine zilikuwa hazijakomaa kwa waridi.

Kisa cha petunia za rangi ya chungwa kinaonyesha jeni hizi zinavyodumu. Mwaka 1987 watafiti wa Köln, Ujerumani, waliingiza jeni ya mahindi katika petunia na kupata rangi ambayo petunia haikuwahi kuwa nayo, na mwaka 1990 walipanda mimea ipatayo 30,000 katika jaribio la shambani. Wakati huo petunia hizo hazikuwa zimeidhinishwa kuuzwa. Mwaka 2015 mwanasayansi Teemu Teeri aliona petunia za rangi hiyo karibu na kituo cha treni cha Helsinki, akachukua kipande, akakipima, na humo akakuta jeni ya mahindi pamoja na nptII. Mwaka 2017 mamlaka ya Ufini iliagiza ziondolewe sokoni, na nchi nyingine zikafuata, kwa kuwa aina nyingi za biashara zilikuwa zimezaliwa kutokana na ukoo huo. Hakuna mtu aliyedhurika. Hata hivyo, jeni ya kuchagulia iliyotumika kwa majuma machache ndani ya chupa ilikuwa imesafiri kimyakimya katika bustani za Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa.

Kwa kazi yako, dada, ningeelekeza macho zaidi kwenye taka za maabara kuliko kwenye ua. Kanamaisini huvumilia joto la otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, hivyo midia iliyotumika inaweza kumwagwa ikiwa na dawa hai hata baada ya vijidudu vyote kufa, na bakteria wa mtaroni wakakutana nayo. Hapo njia ya manosi ina faida ambayo haihitaji mjadala.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Morogoro. Ninataka kufanya utafiti wa kubadilisha ua la mapambo bila kutumia kiuavijasumu hata mara moja, lakini bajeti yetu ni ndogo na hatuna vifaa vya gharama. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba. Nikushauri uanze na kalankoe, na uache jeni za kutengenezwa kabisa. Agrobacterium ana ndugu yake aitwaye Agrobacterium rhizogenes, ambaye huacha jeni zake kwenye jeraha la mmea na kuufanya utoe mizizi mingi yenye manyoya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walimtumia bakteria huyo, akiwa katika hali yake ya asili, kwa Kalanchoe blossfeldiana, mmea wenye asili ya Bukini (Madagaska), na mwaka 2008 wakaeleza mimea mifupi, yenye matawi mengi na umbo la kuvutia bila kunyunyiziwa kemikali za kufupisha zinazotumika sana katika mabanda ya maua ya chungu. Uchaguzi hufanywa na mizizi yenyewe: ukiikata na kuiweka katika midia isiyo na homoni, iliyopokea jeni za bakteria huendelea kukua na kutoa matawi, na ya kawaida husimama. Baada ya hapo huhitaji ila kuichipusha mizizi hiyo iwe miche. Kwa kuwa bakteria hakubadilishwa na mtu, mimea ya namna hiyo kwa kawaida haikuhesabiwa chini ya sheria ya Ulaya kuwa imebadilishwa jeni. Wala si jambo geni kwa maumbile, kwani mwaka 2015 ilitangazwa kwamba aina zote 291 za viazi vitamu vya kulimwa zilizopimwa zilikutwa na jeni za Agrobacterium zilizoingia zamani zenyewe. Viazi tunavyochemsha asubuhi vimo katika kundi hilo.

Umesema hutaki kiuavijasumu hata mara moja, na hapo lazima nikuonyeshe kikwazo ambacho makala nyingi hukipita haraka. Hata wanaochagua kwa manosi au kwa macho hutumia sefotaksimu, karbenisilini au dawa inayofanana nazo baada ya siku chache za kulowesha, ili kumuua Agrobacterium mwenyewe asiufunike mche. Dawa hizo haziachi jeni yoyote ndani ya mmea, lakini ni viuavijasumu vilevile, na karbenisilini ikivunjika hutoa kemikali inayofanana na homoni ya oksini, hivyo huvuruga uchipuaji. Ukiwa na mizizi yenye manyoya unaweza kupunguza hitaji hilo: kata ncha za mizizi inayokua haraka kuliko bakteria wanavyoifuata, zihamishe mara kwa mara, na tupa kila chupa inayoonyesha ukungu mweupe kuzunguka mzizi. Ni kazi ya uvumilivu, na utapoteza vipande vingi. Anayehitaji usafi kamili hukwepa bakteria kabisa, ama kwa bunduki ya chembe za dhahabu, ama kwa kuingiza protini ya CRISPR, zana ya kuhariri jeni, moja kwa moja katika seli zilizovuliwa kuta, kama Wakorea walivyofanya kwa petunia mwaka 2016. Kati ya asilimia 5 na 18 hivi ya nakala za jeni waliyoilenga zilibadilika bila jeni yoyote ya kigeni kuingizwa. Kiwango hicho kinatosha kuacha jeni tambulishi na kupima miche mmoja mmoja, lakini kuzifanya seli zisizo na kuta zizae mche mzima ni kazi ngumu, nayo kwa maua mengi bado haijawezekana.

Kama baadaye utaingiza jeni yako mwenyewe, zipo alama za kuonekana kwa macho. Protini ya kijani ya yavuyavu hung'aa ikimulikwa, lakini inadai taa na kichujio maalumu. Alama ya RUBY, iliyotangazwa mwaka 2020, huunganisha jeni tatu zinazotengeneza rangi nyekundu ya betalaini, ileile ya kiazi chekundu (bitiruti) na ya bogenvilia, na haihitaji chochote zaidi ya mwanga wa dirishani. Usiitumie kwa ua ambalo rangi yake ndiyo biashara, isipokuwa umepanga namna ya kuiondoa, kwa sababu wekundu huo hautabaki kwenye majani peke yake.

Vyovyote utakavyochagua, thibitisha kila mche kwa PCR, kipimo kinachonakili kipande cha vinasaba ili kionekane, mara mbili: kwanza tafuta jeni uliyoikusudia, na pili tafuta jeni ya bakteria ambayo kwa kawaida haihamii kwenye mmea, kama virD2. Ya kwanza ikionekana na ya pili isionekane, jeni imo ndani ya mmea wako na bakteria wamekwisha. Zote mbili zikionekana, usiandike matokeo bado, kwani huenda unapima bakteria waliojificha katika mishipa ya mmea. Kata ncha mpya, ihamishe, na upime tena baada ya majuma kadhaa. Kabla ya kununua hata chupa moja, wasiliana na kamati ya usalama wa bioteknolojia ya chuo chako. Kanuni za Tanzania za mwaka 2009 zinahitaji kibali kabla ya kushughulikia mimea iliyobadilishwa jeni, hata ndani ya maabara, na ufafanuzi wa Ulaya kuhusu bakteria wa asili hauifungi nchi yetu, kwa hiyo waulize kwa maandishi kalankoe yako itawekwa katika kundi gani na uhifadhi jibu lao pamoja na daftari la maabara.